Mbu na Mbung'o Hunusaje? RNA Ndogo na Vita Dhidi ya Maradhi Kilosa na Mikumi

Mvua za masika zinapoelekea ukingoni, mpunga katika mabonde ya Wilaya ya Kilosa huanza kubeba, na kazi ya kuulinda huanza papo hapo. Familia nyingi huhamia mashambani kwa majuma kadhaa. Mchana hufukuza ndege na ngedere. Usiku hukesha wakisubiri nguruwe pori na, kwa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, tembo. Mlinzi huketi juu ya dungu, tochi mkononi, na chandarua chake mara nyingi kimebaki kitandani kijijini. Mbu humfikia gizani bila kumwona.

Siku hiyohiyo mchana, katika mbuga za Mkata na malisho ya Twatwatwa, mfugaji huwafukuza mbung'o walioganda kwenye mbavu za ng'ombe wake. Nao hawakufika hapo kwa bahati. Walifuata pumzi ya mnyama, mkojo wake na jasho lake, mpaka umbo lake lilipoonekana.

Wadudu hawa wawili hutofautiana kwa mengi. Mmoja huuma usiku, mwingine mchana. Mmoja hutaga mayai mamia katika maji, mwingine huzaa buu mmoja kwa wakati mmoja. Miongoni mwa mbu ni jike pekee anyonyaye damu, ilhali mbung'o dume na jike wote hunyonya. Lakini wote huwapata windo wao, kwa sehemu kubwa, kwa kunusa. Swali linalowashughulisha wataalamu kwa sasa ni hili: ni nini ndani ya mwili wa mdudu kinachoamua anuse nini, na wakati gani? Sehemu ya jibu imo katika molekuli ndogo ambazo kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa takataka za seli.

Pua iliyo juu ya papasi

Mdudu hana pua kama ya binadamu. Viungo vyake vya kunusia ni papasi mbili za kichwani pamoja na vijipapasi viwili vilivyo kando ya mdomo. Viungo hivyo vimefunikwa na vinyweleo vidogo mno, na kila kinyweleo kina matundu ambayo molekuli za harufu hupenya. Ndani yake mna majimaji na ncha za seli za neva. Juu ya ncha hizo hukaa protini ziitwazo vipokezi. Molekuli ya harufu inapokutana na kipokezi kinachoifaa, seli ya neva husisimka na kupeleka habari kwenye ubongo.

Kila kipokezi hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni yake. Jenomu ya mbu Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria barani Afrika, ilichapishwa mwaka 2002, na humo zikatambuliwa jeni 79 za kundi kuu la vipokezi vya harufu. Jenomu ya mbung'o Glossina morsitans ilifuata mwaka 2014, naye akaonekana kuwa na jeni 46 tu za kundi hilo. Mbung'o hali nekta wala matunda. Chakula chake ni damu peke yake, hivyo orodha fupi ya harufu inamtosha.

Vipokezi vya kundi hilo havifanyi kazi vikiwa pekee. Kila kimoja huhitaji mwenzi aitwaye Orko, protini ambayo karibu wadudu wote wanayo kwa umbo linalofanana. Yapo pia makundi mengine ya vipokezi, likiwamo linalohisi hewa ya ukaa, yaani ile kaboni dayoksaidi tunayoitoa tunapopumua. Kwa mbu, vipokezi vya hewa ya ukaa vimo kwenye vijipapasi vya mdomoni.

Elimu hii imekwisha kutumika karibu na Kilosa. Barabara inayochepuka mjini Mikumi kuelekea kusini kupitia Kidatu humfikisha msafiri Ifakara, ilipo Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2010 watafiti wa huko walichapisha matokeo ya mchanganyiko wa harufu uliotengenezwa maabara kwa kuiga mwili wa mtu: hewa ya ukaa, amonia na asidi kadhaa za jasho. Mchanganyiko huo ulipowekwa katika kibanda kimoja na mtu akalala katika kibanda kingine, ulivuta mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya mtu. Hata hivyo, viwili hivyo vilipowekwa ndani ya kibanda kimoja, mtu hakushindwa tena. Mbu aliye mbali hudanganyika kwa harufu, lakini akikaribia huongozwa pia na joto, unyevu na ishara nyingine za mwili.

Katika kisiwa cha Rusinga, Kenya, mitego yenye harufu ya aina hiyo iliyoendeshwa kwa umeme wa jua ilisambazwa katika kaya kati ya mwaka 2012 na 2015, watu wakiendelea kutumia vyandarua na dawa. Maeneo yaliyopata mitego yalikuwa na maambukizi ya malaria pungufu kwa takribani asilimia 30 kuliko maeneo yaliyokuwa bado hayajaipata.

Jeni zilezile, mnuso tofauti

Mbu jike mwenye njaa na mbu huyohuyo aliyekwisha kushiba damu wana jeni zilezile. Hata hivyo, aliyeshiba huacha kumfuata binadamu kwa muda, akapumzika ukutani na kusubiri mayai yapevuke. Baadaye huanza kutafuta harufu ya maji ya kutagia. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba, saa chache baada ya mlo wa damu, matumizi ya mojawapo ya jeni za vipokezi katika papasi za Anopheles gambiae hupungua. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba papasi za mbu huyo huitikia baadhi ya harufu za binadamu kwa nguvu zaidi usiku kuliko mchana, na kiasi cha protini za kunusia hupanda na kushuka kwa mwendo wa saa.

Kwa hiyo mnuso wa mbu hubadilika. Huongezwa na kupunguzwa kufuatana na njaa, umri na saa ya usiku. Kwa kuwa jeni zenyewe hazibadiliki, ni lazima kuwe na kitu kinachosimamia matumizi yake. Wasimamizi wa namna hiyo ni wengi: homoni, protini zinazowasha na kuzima jeni, na zile RNA zisizotengeneza protini.

RNA isiyobeba mzigo

Katika masomo ya sekondari, RNA huelezwa kama mjumbe. Maelekezo ya jeni hunakiliwa kutoka katika DNA kuwa RNA, na RNA hiyo husomwa ili protini itengenezwe. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Kwa binadamu, sehemu ya DNA yenye maelekezo ya protini haizidi asilimia 2. Sehemu kubwa ya iliyobaki nayo hunakiliwa kuwa RNA, ingawa RNA hizo hazizai protini yoyote.

Mfano wa Kilosa wenyewe unafaa hapa. Mji huo umekua kando ya Reli ya Kati. Mabehewa hubeba magunia na abiria, na hayo ndiyo macho ya wengi huyaona. Mshika bendera wa stesheni hasafirishi gunia hata moja, lakini asipotoa ishara, treni haiondoki; na akiitoa kwa makosa, huleta ajali. RNA mjumbe ni behewa. RNA isiyotengeneza protini ni mshika bendera.

Washika bendera hawa ni wa aina nyingi, na mbili zatosha kwa mada hii. Aina ya kwanza ni maikroRNA, vipande vifupi vyenye herufi za kikemia zipatazo 22 tu. Kipande hicho hushikwa na protini maalumu, kisha hutafuta RNA mjumbe yenye mfuatano wa herufi unaooana nacho. Kikiupata, mjumbe huyo hunyamazishwa au huharibiwa, na protini iliyokusudiwa hupungua. Victor Ambros na wenzake waliigundua maikroRNA ya kwanza katika mnyoo mdogo wa maabara mwaka 1993, na mwaka huohuo Gary Ruvkun na wenzake wakaonyesha namna inavyofanya kazi. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2024.

Aina ya pili ni RNA ndefu zisizotengeneza protini, zenye herufi zaidi ya 200. Kazi zake ni za namna nyingi. Nyingine hushikamana na protini na kuzielekeza mahali pa kufanya kazi. Nyingine huongeza au huzuia usomaji wa jeni jirani.

Yaliyoonekana katika papasi na ubongo

Ushahidi ulio wazi zaidi umetoka kwa wadudu wanaofugika maabara kwa urahisi, na wa kwanza ni nzi wa matunda. Nzi huyo ana seli za kuhisi hewa ya ukaa kwenye papasi, naye kwa kawaida huikwepa hewa hiyo. Mbu, kama ilivyoelezwa, anazo kwenye vijipapasi vya mdomoni, naye huifuata. Mwaka 2008 watafiti walichunguza nzi waliokosa maikroRNA iitwayo miR-279. Kwenye vijipapasi vyao vya mdomoni zilichipuka seli za kuhisi hewa ya ukaa, mahali ambapo nzi wa kawaida hana seli hizo lakini mbu anazo. Msimamizi mmoja mdogo alipoondolewa, ramani ya mnuso ya nzi ilisogea kuelekea ile ya mbu. Watafiti waliona katika seli hizo dalili ya njia ambayo mageuko ya viumbe yangeweza kupitia katika kuhamisha uwezo huo kutoka kiungo kimoja hadi kingine.

Mfano wa pili ni nzige, ambao wakazi wa Afrika Mashariki hawajasahau uvamizi wao wa mwaka 2020 na 2021. Nzige anaweza kuishi kwa namna mbili. Akiwa mpweke huwakwepa wenzake; akiwa katika msongamano huvutiwa na harufu yao, na hapo ndipo makundi yanapojengeka. Watafiti wa China waliomchunguza nzige mhamaji, ambaye ni ndugu wa nzige wa jangwani, walionyesha mwaka 2018 kwamba maikroRNA iitwayo miR-9a hupunguza kimeng'enya kimoja ndani ya seli za neva, na hivyo hupunguza mvuto wa harufu ya wenzake. Dopamini, ambayo ni kemikali ya mawasiliano katika ubongo, inapofanya kazi kupitia mojawapo ya vipokezi vyake, huzuia miR-9a isipevuke, na mvuto huo hurudi. Mwaka 2020 ikaelezwa RNA ndefu iliyopewa jina PAHAL, inayosaidia utengenezaji wa dopamini hiyohiyo katika ubongo wa nzige. Aina zote mbili za RNA zimo, basi, katika mkondo uleule unaomfanya mdudu mmoja kuwa sehemu ya kundi.

Mfano wa tatu unahusu kumbukumbu. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba nzi wa matunda huhitaji maikroRNA iitwayo miR-276a ili akwepe ipasavyo harufu mbaya na pia ili akumbuke harufu aliyofundishwa kuihusisha na adhabu. Hapa tena RNA hiyo hufanya kazi kwa kurekebisha kiasi cha kipokezi cha dopamini katika ubongo.

Mifano hii mitatu inagusa hatua tatu tofauti za mnuso. RNA zisizotengeneza protini husaidia kuamua ni seli zipi zijengwe na wapi; husaidia kupanga uzito wa harufu; na husaidia kuhifadhi kumbukumbu yake.

Umbali kati ya maabara na dungu

Je, elimu hii inaweza kumsaidia mlinzi wa mpunga? Jibu la haki ni kwamba bado, na sababu zake zinafaa kueleweka.

Kwanza, kuona RNA fulani ikiongezeka katika mbu aliyeshiba si ushahidi kwamba ndiyo iliyopunguza mnuso wake. Mlo wa damu hubadilisha mambo mengi kwa pamoja: usagaji wa chakula, homoni, ukuaji wa mayai. Jogoo huwika alfajiri, lakini si yeye anayelichomoza jua. Uthibitisho hupatikana pale RNA moja inapoondolewa peke yake, mdudu akabadilika, kisha ikarudishwa na mdudu akarejea hali yake. Kazi hiyo ni ngumu zaidi kwa mbu kuliko kwa nzi wa matunda.

Pili, mnuso wa mbu una akiba. Mwaka 2013 mbu aina ya Aedes aegypti walioondolewa Orko walipoteza sehemu ya uwezo wa kumpambanua binadamu na mnyama, lakini penye hewa ya ukaa bado walimfuata mtu. Mwaka 2022 ikabainika kwamba seli nyingi za kunusia za mbu huyo hubeba vipokezi vya zaidi ya kundi moja kwa wakati mmoja. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine ungali wazi.

Tatu, RNA ni dhaifu. Jua, udongo na vimeng'enya vya tumboni huivunja upesi. Hata hivyo, njia haijafungwa. Andrew Fire na Craig Mello walionyesha mwaka 1998 kwamba RNA yenye nyuzi mbili inaweza kunyamazisha jeni iliyochaguliwa, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobeli mwaka 2006. Mwishoni mwa mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kiuatilifu cha kunyunyiza kinachotumia mbinu hiyo dhidi ya mbawakawa wa viazi. Mbawakawa huyo hula jani lililonyunyiziwa, hivyo humeza RNA. Mbu hali jani wala ukuta, kwa hiyo njia ya kumfikishia RNA ni lazima iwe nyingine, kwa mfano chambo cha viluwiluwi majini.

Sababu ya kuendelea na utafiti ni nzito. Mbu wa maeneo mengi ya Tanzania wamejenga usugu dhidi ya viuadudu vilivyotumika kwenye vyandarua kwa miaka mingi. Katika Bonde la Kilombero, Anopheles funestus, mwenye usugu mkubwa, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi. Silaha inayolenga mnuso ingempiga mbu mahali pengine kabisa.

Yaliyo mkononi leo

Wakati maabara zikiendelea, elimu ya mnuso imekwisha kuzaa matunda ya karibu. Ifakara wamejaribu kutia kiuadudu kinachofukiza taratibu, transfluthrini, katika mapambo ya mkonge, mikanda ya magunia na ndara, kwa ajili ya watu wanaokaa nje jioni. Mvuke wake husumbua neva za mbu kabla hajatua.

Kwa mbung'o mafanikio ni ya muda mrefu zaidi. Tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba asetoni, oktenoli na fenoli za mkojo wa nyati au ng'ombe huwavuta mbung'o kwenye mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi. Watafiti wa taasisi ya icipe ya Nairobi walijiuliza swali la kinyume: kwa nini mbung'o humwacha kuro, ilhali huishi naye kichaka kimoja? Walichambua harufu ya kuro, wakaitia katika vitoa-harufu vilivyofungwa shingoni mwa ng'ombe huko Kwale, pwani ya Kenya. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nagana ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika ng'ombe waliovishwa. Kuro wamo pia Mikumi, na mfugaji wa Mkata anaweza kuona kwa macho yake kile ambacho maabara ilikisoma kwa vyombo.

Kwa mkazi wa Kilosa, hata hivyo, mambo ya kwanza yanabaki yaleyale. Chandarua chenye dawa kinapaswa kufuata familia shambani, si kubaki kijijini. Dungu linaweza kujengwa kwa nguzo nne za ziada za kukifungia. Anayeingia hifadhini mchana avae nguo nene kiasi za mikono mirefu, zisizo za buluu iliyokolea wala nyeusi, kwa kuwa rangi hizo huwavuta mbung'o.

Tahadhari ya mwisho inahusu homa. Wagonjwa wa malale nchini Tanzania wameripotiwa zaidi katika mikoa ya magharibi, kama Tabora, Kigoma na Rukwa, pamoja na hifadhi za kaskazini. Idadi yao kwa sasa ni ndogo. Udogo huo ndio unaofanya ugonjwa usahaulike. Malale ya Afrika Mashariki huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, wakati mwingine pamoja na kidonda kilichovimba mahali pa kuumwa, na huweza kuua katika majuma au miezi michache. Mtu mwenye homa, ambaye kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea au ambaye dawa ya malaria haikumsaidia, aeleze kama aliingia porini na kama aliumwa na mbung'o. Mhudumu wa afya naye aulize asipoambiwa, kisha aombe damu ikaangaliwe kwa hadubini. Tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani limependekeza vidonge vya feksinidazoli kuwa tiba ya kwanza kwa wagonjwa wengi wa aina hii ya malale, mahali pa sindano kali za zamani. Tiba imerahisika, lakini kidonge hicho humfaa yule tu ambaye ugonjwa wake umetambuliwa mapema, na mara nyingi utambuzi huo huanza kwa swali moja: "Ulikuwa wapi kabla ya kuugua?"